Ndege wa safari mbili na haki ya maji

Sifa zote njema anastahiki Allah (SW), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), Aali zake, Sahaba zake na wote wanaofuata mwenendo wao mpaka Siku ya Malipo.

Ndugu msomaji, kuna swali moja ambalo Qur'an Tukufu inatuuliza zaidi ya mara moja, nalo ni swali jepesi kulisikia lakini zito kulijibu. Katika Suratun-Nahl (16:79) tunaulizwa kama hatuwaoni ndege waliotiishwa katika anga, ambao hakuna anayewashikilia huko juu ila Mwenyezi Mungu. Katika Suratul-Mulk (67:19) tunaulizwa tena kama hatuwatazami ndege walio juu yetu, wakikunjua mbawa zao na kuzikunja. Na katika Suratun-Nur (24:41) tunaulizwa kama hatuoni kwamba vilivyomo mbinguni na ardhini vinamtakasa Allah, na ndege pia wanapokunjua mbawa zao, na kwamba kila mmoja ameijua sala yake na tasbihi yake.

Hebu tujiulize kwa ukweli. Sura ya Al-Mulk wengi wetu tunaihifadhi, na wapo wanaoisoma kila usiku kabla ya kulala. Ni wangapi kati yetu ambao, baada ya kuisoma miaka ishirini, wamewahi kusimama dakika kumi wakamtazama ndege? Nilipolizungumza jambo hili katika darsa moja hapa Dar es Salaam, kijana mmoja aliinua mkono akasema: "Ustaadhi, samahani, lakini kuangalia ndege si ni kazi ya Wazungu wenye darubini?" Watu wakacheka. Nilimjibu kwamba swali lile halikuteremshwa kwa watalii. Limeteremshwa kwa watu wanaosali. Na Waislamu wa zamani walilielewa hivyo. Al-Jahiz wa Basra, aliyefariki mwaka 869, aliandika kitabu kikubwa juu ya wanyama na ndege. Ad-Damiri wa Misri, aliyefariki mwaka 1405 naye akiwa mwanachuoni wa fiqhi, aliwapanga wanyama kwa mpangilio wa herufi, akieleza majina yao, tabia zao na hukumu za sheria zinazowahusu. Hawakuona aibu kumtazama kiumbe ambaye Mola wao amewaambia wamtazame.

Leo nataka tuwatazame ndege wa mahali pamoja tu, kisha tuone wanatufundisha nini kuhusu jambo ambalo limeshamwaga damu katika nchi yetu.

Wageni wa mbuga ya Mkata

Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, imekaa baina ya milima na mbuga. Upande wa magharibi kuna milima ya Ukaguru na Rubeho. Upande wa mashariki ardhi inalala chini na kuwa mbuga pana ya Mkata, ambayo sehemu yake imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964. Chanzuru ni kata ya wilaya hiyo, jirani na Ilonga, na hapo ninao ndugu ninaowatembelea karibu kila mwaka. Ni nchi ya mahindi na mpunga, na ya mashamba ya zamani ya mkonge. Mvua zikinyesha milimani, maji hushuka mbugani, na kila bonde hugeuka dimbwi. Mwandishi na msafiri Henry Morton Stanley aliivuka mbuga hiyo wakati wa masika ya mwaka 1871, na watu wake walitaabika sana katika matope.

Matope hayo hayo yaliyomtesa Stanley ni karamu kwa wengine. Kuanzia mwezi wa Oktoba hivi, mvua za vuli zinapokaribia, wanaanza kuwasili ndege ambao hawakuzaliwa hapa. Huwaona mbayuwayu wamejipanga juu ya nyaya za umeme. Huwaona keremkerem wa Ulaya wakipiga kelele nyororo angani kabla hujawaona wenyewe. Huwaona korongo weupe wakitembea polepole katika majani mafupi, kama wazee wanaokagua shamba, wakiokota panzi na viwavi. Hukaa nasi miezi yote ambayo kwao ni baridi kali. Kisha masika yanapoanza, Machi na Aprili, wanaondoka. Hifadhi ya Mikumi ina zaidi ya aina 400 za ndege, na katika msimu wa mvua wenyeji hao huongezewa kundi la wageni kutoka kaskazini. Anayetaka kuwaona kwa urahisi aende katika bwawa la viboko, si mbali na lango kuu la hifadhi. Asiye na nauli ya hifadhi atosheke na lambo lolote la kunyweshea ng'ombe.

Sasa tuzitazame hizo safari zenyewe.

Korongo mweupe ana uzito wa kilo tatu au nne na mbawa zinazofikia mita mbili kutoka ncha hadi ncha. Anazaliwa Poland, Ujerumani na nchi za jirani, mara nyingi juu ya mapaa ya nyumba za watu. Hapigi mbawa safari nzima, kwani angechoka akafa njiani. Anasubiri jua lipashe ardhi, hewa ya moto ianze kupanda, naye anapanda nayo akizunguka mpaka juu kabisa, kisha anateleza kuelekea mbele na kushuka taratibu mpaka aipate hewa nyingine inayopanda. Kwa kuwa hewa hiyo haipandi hivyo juu ya bahari, korongo hao hawakati Bahari ya Mediterania moja kwa moja. Wale wa upande wa mashariki wa Ulaya wanapita Uturuki juu ya Istanbul, wanashuka nchi za Sham, wanapita anga la Palestina, wanavuka Sinai, wanafuata bonde la Nile mpaka Sudan, kisha wanatujia Afrika Mashariki, na wengine wanaendelea mpaka Afrika Kusini. Ndugu yangu, korongo unayemwona katika tope la Kilosa huenda mwezi uliopita alikuwa anazunguka juu ya anga la Baitul-Maqdis.

Mbayuwayu ana uzito wa gramu 20 hivi. Mwaka 1911 mbayuwayu mmoja alivishwa pete ndogo mguuni huko Uingereza. Mwezi Desemba 1912 akapatikana Natal, Afrika Kusini. Gramu 20 zimekata dunia kwa umbali wa kilomita zipatazo 10,000.

Na yupo kozi wa Amur, ndege mdogo wa jamii ya mwewe mwenye uzito wa gramu 150 hivi. Anazaliwa mashariki ya mbali, Siberia na kaskazini ya China. Anapita kaskazini mashariki ya India, kisha anaikata Bahari ya Hindi, zaidi ya kilomita 3,000, bila mahali pa kutua, akisukumwa na pepo za kaskazi. Kaskazi hiyo hiyo ndiyo iliyoleta majahazi ya Waarabu, Waajemi na Wahindi katika pwani yetu kwa karne nyingi, na majahazi hayo ndiyo yaliyoleta tende, vitambaa na misahafu. Nahodha alihitaji tanga na dira. Kozi hana kitu ila mbawa zake na ilhamu ya Mola wake.

Ni nani anayewashikilia huko juu? Aya imeshajibu.

Safari ya kusi na safari ya kaskazi

Waislamu wenzangu, katika mpangilio wa msahafu kuna jambo ambalo nimelitafakari kwa muda mrefu. Suratul-Fil inataja ndege: ndege makundi kwa makundi waliotumwa juu ya jeshi lililokuja kuibomoa Al-Ka'aba. Sura inayoifuata mara moja ni Suratu Quraysh, na hiyo inataja safari mbili, safari ya wakati wa baridi na safari ya wakati wa joto. Maquraysh waliishi katika bonde lisilo na mazao. Riziki yao ilitegemea misafara: wakati wa baridi kuelekea Yemen, na wakati wa joto kuelekea Sham. Mwezi huu kaskazini, mwezi ule kusini. Waliishi kama ndege wa Mkata.

Na tazama wanavyokumbushwa. Hawakuambiwa wamwabudu Mola wa Nyumba ile kwa sababu aliwapa majumba ya fahari. Waliambiwa wamwabudu kwa sababu aliwapa vitu viwili: aliwalisha wakaepukana na njaa, na akawapa amani wakaepukana na khofu (106:3-4). Hivyo viwili ndivyo msafiri yeyote anavyohitaji. Apate chakula na maji njiani, na asivamiwe anapotua. Korongo akikosa kimojawapo kati ya Poland na Kilosa, safari yake imekwisha.

Mtume (SAW) naye alitupigia mfano wa ndege. Katika hadithi iliyopokewa na Tirmidhi na wengineo, alitufundisha kwamba lau tungemtegemea Allah kwa ukweli wa kumtegemea, angeturuzuku kama anavyowaruzuku ndege, wanaotoka asubuhi wakiwa na njaa na kurudi jioni wameshiba. Mara nyingi tunaitumia hadithi hii kusema kwamba riziki itakuja tu. Lakini ndege wa hadithi hii hakubaki kiotani. Ametoka. Tawakkul yake imo ndani ya mbawa zake. Na kuna upande mwingine ambao khutba zetu nyingi zinausahau. Ndege ametoka kwa kumtegemea Allah, na Allah amemwekea riziki yake katika dimbwi fulani, shamba fulani, mti fulani. Je, aliyepewa funguo za dimbwi hilo hataulizwa?

Kitendo cha ukingoni mwa dimbwi hakiishii hapo kilipofanyika. Mwaka 1822 huko Ujerumani alionekana korongo akiwa na mkuki umempenya shingoni. Mkuki ule haukuwa wa Ulaya, ulikuwa wa Afrika. Mtu mmoja katika bara letu alirusha mkuki, ndege hakufa, akaruka nao mpaka kwao. Mpaka wakati huo wapo Wazungu walioamini kwamba mbayuwayu hujificha chini ya matope ya maziwa wakati wa baridi. Korongo yule alikuwa ushahidi uliosaidia kuwaonyesha kwamba ndege wao huja kwetu, na mwili wake umehifadhiwa mpaka leo katika Chuo Kikuu cha Rostock. Aliyerusha mkuki hakujua kwamba kitendo chake kingeonekana ng'ambo ya bahari. Nasi je, tunadhani vya kwetu havionekani?

Lambo lenye senyenge

Sasa tufike penye uzito wenyewe.

Mwezi Januari, miaka michache iliyopita, nikiwa Chanzuru, tulitoka na mzee mmoja jirani wa ndugu zangu baada ya sala ya Alasiri kwenda kuwatazama korongo. Aliniambia wapo wengi katika lambo moja lililo mbele kidogo. Tulipofika tukakuta lambo limezungushiwa senyenge, na geti limefungwa kwa kufuli. Zamani, alisema mzee, lilikuwa la wote. Sasa lile eneo limenunuliwa na mtu wa mjini.

Ndani ya senyenge korongo walikuwepo, kiasi cha thelathini, pamoja na yangeyange. Nje ya senyenge alikuwepo kijana mfugaji na ng'ombe wake, wamesimama wakiyatazama maji. Mlinzi alitusalimia kwa adabu. Tulipomwuliza kwa nini asimfungulie kijana yule anyweshe aondoke, alijibu: "Shikamoo zenu wazee wangu, mimi ni mlinzi tu. Bosi kasema asinywe mtu wala mnyama." Kijana akawageuza ng'ombe wake kutafuta maji kwingine. Njia ya kwenda kwingine ilipita kando ya shamba la mahindi la mama mmoja mjane. Ng'ombe wenye kiu hawajui mpaka. Jioni ile kulikuwa na makelele, watu wametoka na mapanga na marungu, na lau si wazee wa pande mbili kuingia kati, Mungu ndiye ajuaye kungelala vipi.

Msomaji asiyeijua Kilosa anaweza kudhani ninakuza mambo. Hapana. Mwezi Desemba mwaka 2000, katika wilaya hii hii, huko Rudewa Mbuyuni, ugomvi wa wakulima na wafugaji ulisababisha vifo vya watu zaidi ya 30. Na hiyo si mara ya mwisho kwa damu kumwagika kwa sababu ya ardhi na maji katika wilaya hiyo. Kila panapotokea, tunasoma kwamba ni chuki ya makabila. Mimi nasema tuanze kwa kuuliza: maji yalikuwa wapi, na funguo alikuwa nazo nani?

Uislamu haukuliacha jambo hili bila hukumu. Abu Daud amepokea hadithi ambayo Mtume (SAW) amefundisha kwamba watu wanashirikiana katika vitu vitatu: maji, malisho na moto. Bukhari na Muslim wamepokea katazo la kuyazuia maji ya ziada ili kwa njia hiyo malisho nayo yazuiwe. Yaani Mtume (SAW), karne kumi na nne zilizopita, aliijua hila hii hii: mtu hafungi mbuga nzima, anafunga lambo tu, na mbuga inakuwa yake. Tena Bukhari amepokea kwamba miongoni mwa watu watatu ambao Allah hatawatazama Siku ya Kiyama wala hatawatakasa, nao wana adhabu iumizayo, yumo mtu aliyekuwa na maji ya ziada njiani akamnyima msafiri.

Isome tena hadithi hiyo taratibu. Haikumtaja mwizi wala muuaji hapo. Imemtaja mtu mwenye maji yaliyomzidi.

Sisemi kwamba mali ya mtu haina heshima. Aliyechimba kisima kwa jasho lake ana haki ya kutangulia kukidhi haja yake, na aliyeweka maji katika chombo chake ni yake. Wanachuoni wameyafafanua hayo. Maneno yangu ni juu ya maji ya Mwenyezi Mungu yaliyoteremka kutoka milimani, yakajikusanya mahali ambapo watu na wanyama walikuwa wakinywa kabla ya hati kuandikwa, na mwenyewe wala hayatumii.

Basi turudi kwa bosi yule. Mzee niliyekuwa naye aliipata namba yake ya simu, akanipa nizungumze naye. Nilimsalimia, akaitikia salamu yangu kwa ukamilifu: "Wa alaykumus-salaam warahmatullahi wabarakaatuh." Ni Mwislamu mwenzetu. Nikamsomea hadithi ile ya maji ya ziada. Alinyamaza kwa muda. Kisha akasema: "Nimekusikia, ustaadhi. Nitalifikiria." Mpaka naondoka Chanzuru, geti lilikuwa bado limefungwa. Huenda anasoma gazeti hili. Kama anasoma, namsalimia tena.

Na wala si yeye peke yake. Wangapi kati yetu tulio Kariakoo, Ilala, Temeke, Tanga mjini na Unguja tumenunua ekari huko Kilosa, Handeni, Kilwa na kwingineko? Kununua shamba ni halali, nami namwombea baraka kila aliyenunua. Lakini tulipokwenda kuweka mipaka, tuliuliza mifugo inapita wapi? Tuliuliza akina mama wanachota maji wapi? Tunaweka mlinzi, tunarudi mjini, na kila Ramadhani tunatoa futari. Futari ni ibada njema. Kufuli ya lambo nayo itasimama mizanini.

Hoja za wanaopinga

Atasema mtu: watu wanapigana, wewe unatuletea habari za ndege. Namjibu kwamba nimeleta habari za ndege kwa sababu ndege ndiye mpimaji. Pale ambapo korongo anatua akala akaondoka salama, hapo pana maji safi, pana majani, na pana watu wasioshambulia kila kinachotua. Pale anapokufa, mjue kuna sumu, na sumu hiyo watoto wenu wanaioga. Viumbe hawa ni umma kama sisi, ndivyo Qur'an inavyotufundisha (6:38). Umma mmoja ukidhurika katika dimbwi moja, umma wa pili hauko mbali.

Atasema mwingine: ndege wengine ni maadui wa mkulima. Ni kweli. Mkulima wa mpunga hahitaji kufundishwa juu ya kwelea kwelea, wanaoweza kumaliza shamba kwa siku chache. Sheria yetu inaruhusu kuzuia madhara. Lakini kuzuia madhara kuna mipaka. Korongo na kozi hawali mpunga wako. Wanakula viwavijeshi, panzi na kumbikumbi, yaani wanakufanyia kazi bila ujira. Anayemwaga dawa ya wadudu dimbwini ili aokote samaki au ndege kwa wepesi hazuii madhara, anayaleta. Na Muslim amepokea katazo la kumfanya kiumbe mwenye roho kuwa shabaha ya kuchezea.

Atasema wa tatu: haiwezekani, watu wameshazoea. Nitampa mfano wa mbali. Mwaka 2012, huko Nagaland, India, wanavijiji walinaswa na habari za dunia nzima kwa kuwatega kozi wa Amur kwa nyavu, maelfu kwa maelfu, wakiwauza kwa nyama. Ilikuwa ni kipato chao. Viongozi wa vijiji, makanisa na watu wa uhifadhi wakakaa nao, na mwaka uliofuata, 2013, utegaji ule ukakoma. Mwaka mmoja tu. Wale si Waislamu, hawana hadithi ya maji ya ziada, wala hawasomi Suratul-Mulk kila usiku. Sisi tulio navyo vyote hivyo tuna udhuru gani?

Na wanaohofia kwamba uhifadhi ni jambo la kigeni, wakumbuke kwamba mwenye kuhirimia Hija anaharamishiwa kuwinda wanyama wa nchi kavu (5:95-96), na kwamba haram ya Makka ni mahali ambapo hata ndege hafukuzwi wala mti haukatwi. Kila aliyehiji amewaona njiwa wa Makka wanavyotembea miguuni mwa watu bila wasiwasi. Allah ametuonyesha mahali pamoja duniani ambapo ndege hana khofu, ili tujue kwamba inawezekana.

La kufanya

Kwanza, mwenye shamba lenye lambo au chemchemi, afungue njia ya kunyweshea, ijulikane, iwe na mipaka, mkulima asidhurike na mfugaji asifukuzwe. Akaye na serikali ya kijiji waandikiane. Akiweza zaidi, ayafanye maji yale waqfu. Sayyidna Uthman bin Affan (RA) alikinunua kisima cha Ruma pale Madina, ambacho maji yake yalikuwa yakiuzwa, akakiacha wazi kwa Waislamu. Hakikuwa na kufuli tena.

Pili, tuache kulima mpaka mdomoni mwa maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 kutoka kingo za mito, maziwa na mabwawa zisifanyiwe shughuli za kudumu. Kilosa wanajua gharama ya kuidharau milima na mito. Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliwaacha maelfu bila makazi na kuikata reli ya kati. Katika hizo mita 60 tupande miti. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Mwislamu akipanda mti au mmea, kisha akala humo mtu, ndege au mnyama, basi hiyo ni sadaka yake. Ndege ametajwa kwa jina. Korongo wa Poland akitua juu ya mti wako, wewe uliyelala Magomeni unaandikiwa.

Tatu, maimamu na makhatibu wa Kilosa, Mvomero na Kilombero, ambako bonde lake liliingizwa mwaka 2002 katika orodha ya kimataifa ya ardhi oevu ya Ramsar, wazisome hadithi za maji katika khutba kabla ya kiangazi, wakati ambapo maji yanapungua na hasira zinapanda. Tusingoje mapanga yatoke ndipo tuitishe kikao cha amani.

Nne, sisi wa mjini tuwachukue watoto wetu, Oktoba au Machi, tuwatoe nje tuwaonyeshe mbayuwayu. Hakuna kiingilio. Tuwasomee aya ya Al-Mulk hapo hapo chini ya waya wa umeme, waione kwa macho yao. Mtoto aliyefundishwa kwamba ndege yule ametoka Ulaya kwa uwezo wa Allah, hatashika manati kwa wepesi. Na akikua akanunua shamba, hatashika kufuli kwa wepesi.

Ndugu zangu katika imani, wote sisi ni wasafiri. Tumetua hapa kwa msimu mmoja, na siku yetu ya kuondoka imeshaandikwa. Hakuna atakayeondoka na lambo. Tutakachoondoka nacho ni jibu la swali moja: alipokuja msafiri mwenye kiu, awe ni mtu, ng'ombe au ndege, na maji yakiwa yametuzidi, tulifanya nini?

Ewe Mola wetu, tulishe utuepushe na njaa, tupe amani utuepushe na khofu, na usitujaalie kuwa ndio sababu ya njaa na khofu ya waja wako. Wanusuru watu wa Kilosa, wakulima wao na wafugaji wao, uziunganishe nyoyo zao. Na uzilainishe nyoyo za wenye funguo. Aamin.

Wabillahi tawfiq.